Fundi Ako, Anakuangalia

Wewe unayesoma, usijifanye mgeni. Uliingia dukani kwa Harbans, Kitale, ukamwona Mwihaki na chuma cha kulehemu mkononi, ukaangalia pembeni, ukauliza, "Fundi yuko wapi?" Mimi sijasahau. Wengine wenu nawakumbuka hata rangi ya shati.

Wekoye naye aliuliza hivyo hivyo. Ilikuwa Novemba 1994, siku ya soko, duka limejaa watu wa betri na waya. Alivaa koti la marehemu babake, mabega yakining'inia, amekumbatia sanduku la mbao kama mtoto mgonjwa.

"Dada, fundi ako?"

"Ako. Anakuangalia."

Duka zima likacheka. Mwihaki alikuwa na ovaroli ya buluu, kitambaa cha manjano kichwani, na moshi wa risasi ya kulehemu ukimzunguka usoni.

Wekoye, fundi redio wa Bungoma, akajieleza haraka. Wakulima wa Naitiri walimpa kazi ya mashine ya kukaushia mahindi. Ubongo wake ulikuwa ndani ya lile sanduku: chipu, kompyuta ya ukubwa wa kidole, inayopima joto na kuwasha feni. Lakini kila feni ikizimwa, chipu inachanganyikiwa na kuanza upya. Mahindi yalishaanza kuota ukungu.

"Nimebadilisha chipu mara tatu, bana!"

"Pole. Na opto je?"

Mwihaki akafungua sanduku, akagusa kidude cheusi chenye miguu sita. Humo ndani chipu huwasha taa. Ng'ambo, jicho huiona na kuamrisha feni. Hakuna waya unaovuka. Mwihaki akaweka ncha moja ya mita upande wa chipu, nyingine upande wa feni. Mita ikalia piii.

"Hapa ilipaswa kunyamaza. Nani alifunga hizi eathi mbili, nyaya za kwenda ardhini, pamoja?"

"Si ni mimi? Redio zote tunafunga eathi kwa chasi, ile fremu ya chuma."

"Hii si redio, dia. Feni ikizimwa inarusha kishindo cha umeme, na wewe umekijengea daraja. Opto ni ya nini basi?"

Akakata waya mmoja mweusi, akatoa transfoma kwenye rafu, akaupa upande wa feni umeme wake. Wakaunga feni ya dukani, wakaiwasha na kuizima mara ishirini. Chipu haikushtuka.

"Kumbe wawili wanaweza kuelewana kwa kuonana tu," Wekoye akasema, akimtazama machoni.

"Wewe, rudisha koti mabegani uende."

Kila Jumatano Wekoye alipiga simu kutoka kibanda cha posta, Bungoma.

"Mwihaki!" Harbans alipaza sauti. "Yule wa Bungoma tena! Leo ati balbu imemwangalia vibaya!"

"Haloo, mgonjwa wangu. Nini imeharibika?"

"Moyo, mpenzi. Unaanza upya kila nikisikia sauti yako."

"Kata eathi!" Akacheka mpaka wateja wakageuka.

Kisha Bilha, mteja kutoka Naitiri, akaleta habari: bango limeshasimamishwa kwenye mashine, IMETENGENEZWA NA FUNDI WEKOYE. Jumatano ilipofika, Mwihaki hakucheka.

"Ni kweli?"

"Mwenyekiti wa wakulima ndiye aliandika. Alisema jina la mwanamke litaleta maswali."

"Na wewe ukasema nini?"

Wekoye akarudi kwenye habari za balbu. Mwihaki akakata simu. Kwa wiki tatu hakushika simu za Wekoye.

Siku ya ufunguzi wa mashine, wageni wameketi, Wekoye alienda kwenye swichi kubwa akaizima.

"Haiwaki mpaka fundi afike!"

Mwenyekiti akatukana. Akina mama waliokaa juu ya magunia wakaanza kupiga makofi. Wekoye akakimbilia simu ya ofisi ya chifu.

"Mzee Harbans, mwambie nimezima mashine mbele ya watu wote. Niliogopa mwenyekiti. Sasa siogopi."

Harbans akaziba simu kwa kiganja. "Mwihaki, huyu amepata akili. Panda pikapu."

Alifika na gauni la rangi ya machungwa, viatu vya kisigino vikizama kwenye tope jekundu. Wekoye akampa brashi ya rangi. Mwihaki akafuta bango, akaandika: FUNDI MWIHAKI NA MSAIDIZI WAKE WEKOYE.

"Msaidizi mpaka lini?"

"Mpaka wazee wako wafike kwa baba. Jumamosi."

"Jumamosi hii?"

"Si umeningojesha wiki tatu urekebishe jina?"

Vigelegele vikapanda. Mwihaki akawasha, feni ikanguruma. Akazima. Chipu ikatulia tuli, na Wekoye akamshika mkono mbele ya mwenyekiti.

Na wewe? Kwako kuna msichana amefungua redio kwa kisu cha jikoni, na unamgombeza. Weka kitabu hiki chini. Mpe bisibisi. Sasa hivi.