Noti Niliyoipiga Pasi

"Hii ni feki, Otilia."

Nicanor alisema hivyo hivyo, mbele ya wenzake, kwenye meza yake ya noti za kale katika soko la Jumapili la Los Sapos, hapa Puebla. Harusi yetu ilikuwa ifanyike Jumamosi iliyofuata, na ile ndiyo zawadi yangu kwake: noti ya peso tano ya benki ya zamani ya Puebla, ya kabla ya mapinduzi, aliyoitafuta tangu ujana akaikosa. Mimi niliipata kwa mjane mmoja wa Cholula aliyeikunja ndani ya kitabu chake cha sala. Nilimbembeleza mpaka akaniachia.

"Feki kivipi? Hata hujaitazama."

"Nimeishika, inatosha. Noti iliyochapwa kwa bamba la kuchongwa ukiipitishia kidole, wino umeinuka. Nywele za mwanamke aliyechorwa humo, masuke ya ngano, unavihisi vyote. Hii ni laini kama ganda la yai. Wamekuuzia picha tu, mama."

Jirani yake wa meza, Don Casimiro, akatania kwamba bibi harusi ameanza mapema kumlisha mwenzake vya bandia. Watu wakacheka. Nilitaka ardhi inimeze.

Kosa langu nililijua. Noti ilikuwa imekunjamana, nami kwa mapenzi yangu yote nikaipiga pasi. Pasi ikazidi moto, ikaacha alama ya kahawia kwenye kona, pana kama kidole gumba. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kuomba radhi, maana huyu ndiye mtu aliyekuwa akiona nukta iliyokosekana chini ya jicho la mwanamke wa kwenye noti. Lakini kuhusu kona ile hakusema neno.

"Na kona hii," nikamuuliza taratibu, "unaionaje?"

Akaiinua juani, akageuza uso kidogo.

"Kona ni safi. Wameiga vizuri."

Nikakumbuka jinsi siku hizi ninavyomwandikia kwenye simu "umekula, mpenzi?" naye ananijibu kwa ujumbe wa sauti tu. Na mkahawani ananiachia mimi nisome bei za vyakula, eti anapenda kunisikia. Nikamshika mkono, nikamvuta nyuma ya turubai.

"Nicanor, kona imeungua. Nimeiunguza mimi kwa pasi. Hata mtoto angeiona."

Akawa anaikunjua na kuikunja kofia yake.

"Ni sukari," akasema mwishowe. "Jicho la kushoto lilikwenda kabla ya Pasaka. La kulia limebaki na ukungu tu."

"Ulitaka kuniambia lini? Baada ya kiapo?"

"Leo. Nilikuja kukwambia tusioane. Ukaja na bahasha yako, una furaha kiasi kile, nikashindwa."

Nilimkasirikia, nisiseme uongo. Nilimwambia kunificha ni kunidharau, na kwamba mimi si mgeni wa kuandaliwa sebule safi. Alisikiliza yote, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo ni ya kweli?"

"Ya kweli."

Akaipapasa tena, polepole, kama anayetafuta mlango gizani.

"Pasi imeulaza wino. Vidole ndiyo macho niliyobakiwa nayo, Oti, na hii ndiyo niliyoitaka kuliko zote. Sihisi kitu. Hata uso wake siupati."

Hapo nililia. Ningemletea ilivyo, na mikunjo yake, angeiona kwa vidole vyake. Usafi wangu ndio uliomnyima, na hakuna wa kuurudisha ule wino.

"Nenda nyumbani," akasema. "Nikuoeje? Sitakuona hata ukizeeka."

"Basi nitabaki na miaka arobaini na saba maisha yote. Wanawake wa Puebla watanionea wivu. Jumamosi uwe kanisani, umenyoa ndevu."

Alicheka kidogo. Kisha akaniegemea begani akalia kwa sauti, noti ikijikunja upya mkononi mwake, nami nikamwacha alie.