Kopo Lililotetemesha Mkono

Kila alasiri Mwanarusi alimmiminia maji mavyaa wake, Bi Mwanapili, apate kutawadha. Baada ya sala alimkalisha karibu na redio, kwa kuwa bibi huyo alikuwa haoni. Kisha yeye alirudi jikoni.

Kando ya redio palikuwa na kopo la biskuti. Chirau, mume wa Mwanarusi na mwana wa Bi Mwanapili, alitia ndani yake nyaya na vipande vya redio kuukuu, ili achuje umeme unaoingia redioni. Umeme wao ulitoka kwenye injini ya kinu cha nazi pale Msambweni, na injini ikinguruma redio ilikwaruza. Tangu kopo liwekwe, kisomo cha Kurani kilisikika safi.

Bi Mwanapili alipenda kuweka mkono juu ya kopo. "Mkono unatetemeka," alisema. "Hii ni baraka ya kisomo."

Mwanarusi naye alitetemeshwa alipolifuta kwa kitambaa kibichi. Hakuona baraka. Lakini angeanzaje kumwambia mavyaa? Akaendelea kufuta.

Siku moja mvua ilinyesha, paa likavuja, sakafu ikalowa. Bi Mwanapili aliweka mkono wenye maji juu ya kopo, mara akakakamaa. Mkono haukubanduka. Mwanarusi alimkimbilia.

"Usimguse!"

Alikuwa Jefwa, fundi wa umeme wa kinuni, aliyekuwa barazani akizungumza na Chirau. Aliingia, akazima swichi kubwa ya ukutani. Bi Mwanapili akaanguka. Alikuwa hai, ila kiganja kimeungua. Walimpeleka hospitali, moyo wake nao ukapimwa.

Waliporudi, Jefwa alichomoa waya ukutani, akalifungua kopo.

"Kifaa hiki kinavujisha umeme kidogo kwenye bati," alisema. "Umeme huo unatafuta njia ya kwenda ardhini. Waya wa ardhini hukuweka, basi njia ikawa mama. Na leo waya huu umechubuka, ukagusa bati. Fyuzi iko wapi?"

"Sikuweka," Chirau alijibu. "Niliona kopo limefungwa vizuri."

"Hata jeneza hufungwa vizuri, bwana."

Chirau aliinamisha kichwa. "Hutalitengeneza?"

"Hili ni la kutupwa." Alimgeukia Mwanarusi. "Nawe shemeji, mtu akishikwa na umeme usimshike. Zima kwanza. Usipoweza kuzima, simama pakavu, umsukume kwa mti mkavu."

Waliusimamisha waya wa redio wa kunasia mawimbi juu ya mlingoti nyuma ya nyumba, mbali na nyaya za umeme. Kukwaruza kulipungua, hakukwisha.

"Kelele kidogo imebaki, mama," Chirau alisema.

Mwanarusi alikaa mkekani, miguuni pa mavyaa. "Mama, kopo lile lilinitetemesha mimi pia, tangu mwanzo. Niliogopa kukuondolea baraka yako."

Bi Mwanapili aliupapasa mkono wake uliofungwa bendeji.

"Nilijua si baraka, mwanangu. Nilisema hivyo msinicheke. Tangu macho yaondoke mwanikalisha hapa, mwaenda zenu. Kopo lile lilikuwa kama mtu amenishika mkono. Mimi nataka kushikwa mkono."