Ramani Isiyolowa

Baiskeli ya Phoenix iliporomoka mtaa wa mafundi bati. Antena alikanyaga pedali. Chaji alikuwa nyuma, ameng'ang'ania kiti na roho yake.

"Dada, breki!"

"Zimekufa."

"Na hizo pia?"

Ilikuwa siku ya tatu. Genge la magendo lilikuwa limewasha mtambo wake wa kuua umeme na mawimbi, na mji mzima ukazimika. Simu, taa, kamera, redio.

Kimya.

Saa sita mchana wangeuondoa mtambo na kuhamia mji mwingine. Kisha mwingine.

Antena, miaka kumi na sita, alizaliwa akisikia kila wimbi la redio linalopita hewani. Chaji, kumi na tano, aliwasha mashine yoyote kwa umeme wa viganja vyake. Idara ya usalama iliwaita silaha zake. Sasa mmoja hakusikia kitu, na viganja vya mwenzake vilikuwa viganja tu.

"Jana nimefua soksi kwa mkono," Chaji alilalamika. "Mimi! Shujaa mzima!"

"Zikatakata?"

"Wapi!"

Antena aliburuza miguu chini mpaka baiskeli ikasimama. Akatoa ramani aliyopewa asubuhi na Shangazi. Ndiye mkuu wao kazini. Ndiye pia aliyemlea tangu hajaota meno.

"Nimeichora leo alfajiri, kwa mshumaa," Shangazi alikuwa amesema. "Mtambo uko kiwanda cha barafu, mlango wa nyuma. Kwenye matanuri ya matofali msikanyage, wanangu. Nimeshapakagua."

Tone la jasho lilianguka juu ya ramani. Likateleza. Karatasi haikulowa.

Antena alipapasa kingo. Plastiki ngumu, imegandishwa pande zote. Ndivyo Shangazi alivyofanya kwa kila kitu: vyeti, kadi za kliniki, hata picha ya marehemu baba yake Antena.

"Chaji, hii plastiki inabandikwaje?"

"Kwa mashine. Inapata moto, unapitisha karatasi."

"Ya umeme?"

"Sasa ya mate?"

Chaji akacheka. Kisha akaichukua ramani, akapapasa kingo naye.

Umeme ulikatika juzi. Ramani ilikuwa tayari kabla ya hapo.

"Labda..." alianza Chaji.

"Panda. Twende alikotukataza."

Waligeuza kuelekea matanuri.

Lori kuukuu la Bedford lilikuwa limeegeshwa mteremkoni, pua chini, mawe mawili yakizuia magurudumu. Lingewashwa kwa kuserereka, bila umeme. Chini ya turubai, mtambo ulinguruma. Walinzi wawili, bastola za Beretta mkononi, waliegemea uzio wa waya.

"Mimi nifanye nini?" Chaji alinong'ona.

"Kelele."

"Hicho kipaji bado ninacho."

Tofali la kwanza lilipasuka nyuma ya tanuri. La pili. Walinzi wakakimbilia huko, mmoja akadondosha redio yake ya Motorola.

Antena alijivuta kwa tumbo hadi kwenye magurudumu ya lori. Jiwe la kwanza likatoka. La pili likagoma.

Akalipiga kisigino.

Tena.

Lori likaguna, likaondoka lenyewe. Likazama kwa pua kwenye shimo la udongo lililojaa maji.

Mngurumo ukakatika.

Walinzi walirudi mbio, wakaudandia uzio. Chaji alikuwa ameshaushika waya kwa viganja viwili.

"Karibuni!"

Walidondoka kama magunia.

Na sauti zikarudi. Mamia, kwa mpigo, kichwani mwa Antena. Moja aliijua kuliko zote.

"Tanuri, jibuni. Wale wa barafu wamewamaliza watoto?"

Njia nzima alikuwa akiomba awe amekosea.

Aliokota Motorola.

"Watoto hawakwenda barafu, Shangazi."



"Mwanangu... rudi nyumbani tuongee."

"Ramani ungeichora kwenye daftari tu, Shangazi, bila plastiki."

Akahamia masafa ya makao makuu. Akawatajia mtaa, nyumba, rangi ya mlango.

"Mshukiwa ana silaha?" waliuliza.

"Hana. Ila msimkimbize kwenye ngazi. Magoti yanamsumbua."

Akazima redio, akainua baiskeli.

"Tunakwenda wapi, dada?" aliuliza Chaji.

"Kutengeneza breki."

Akaanza kuisukuma kupanda mlima, bila kugeuka.