Gramu Mbili Zilizozidi

Mtaa wa vitambaa, saa nne asubuhi, hapakuwa na pa kutia mguu. Wachukuzi walipita na majora mabegani wakidai njia kwa sauti, na katika duka la kona, mbele ya foleni ya watu wanane, kijana mmoja mrefu alikuwa akipima kitambaa cha nailoni kwa mizani ya jikoni. Ndiyo, msomaji wangu, ile ile ya kupimia unga. Alikuja nayo mwenyewe ndani ya mkoba, akaiweka mezani, na sasa alikuwa ameinama akisoma namba kama mtu anayesoma majibu ya mtihani.

"Kaka," ikasikika sauti nyuma yake, "hicho kitambaa unakwenda kukishona au kukipika?"

Foleni nzima ilicheka. Kijana akageuka. Alimwona binti mwenye gauni la bluu, futi ya kupimia imemning'inia shingoni, pini tatu zimechomekwa begani, na tabasamu ambalo lilimfanya asahau namba aliyokuwa akiisoma.

"Kukishona," akajibu. "Nataka kujitengenezea hema. Nasafiri kwa baiskeli, na kila gramu nitaipandisha mlima kwa miguu yangu mwenyewe."

"Hema kwa kitambaa hiki? Mvua ya kwanza tu utaamka unaogelea."

"Wewe umejuaje?"

"Nashona mahema. Ya watu wa baiskeli kama wewe, wenye wazimu wa uzito."

Kijana aliichukua mizani yake taratibu, akaitia mkobani, akatoka kwenye foleni aliyoipanga nusu saa. "Basi nionyeshe njia, fundi," akasema.

Karakana ilikuwa ghorofa ya tatu, chumba kirefu chenye madirisha manne na cherehani tano. Ilikuwa ya shangazi yake binti, mwanamke mnene, mchangamfu, ambaye kwa miaka ishirini alishona maturubai ya malori na mahema ya sherehe. Mpwa wake ndiye aliyeleta wazo la mahema mepesi, yale ya kukunjwa yakaenea chini ya usukani wa baiskeli. Mwanzoni shangazi alisema hizo ni leso, si mahema. Kisha wateja wakaanza kuja.

"Shikamoo, shangazi," kijana aliamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umefuata turubai?"

"Amefuata hema lisilozidi kilo moja," binti akamjibia. "Anatembea na mizani."

Shangazi alimtazama mgeni kutoka viatu hadi nywele. "Karibu, Bwana Gramu," akasema, na jina likamkaa tangu siku ile.

Bwana Gramu alikuwa fundi wa lifti. Miaka minane alifanya kazi ndani ya mashimo marefu ya giza, akining'inia kwa kamba, akipaka grisi, akisikiliza nyaya. Sasa alikuwa ameacha kazi, akapata nyingine katika jiji lililoko mwisho wa barabara kuu, kilomita elfu moja na mia mbili, na akaamua kwamba badala ya kupanda basi atakwenda kwa baiskeli, alale chini ya mbingu, aione nchi kabla hajarudi shimoni.

"Na ukifika huko?" binti aliuliza siku ya vipimo. Kijana alikuwa amelala chali sakafuni, mikono ubavuni, naye amepiga magoti akimpima kutoka kisigino hadi utosi.

"Wale watu wa lifti wa huko nimewaambia nitawajibu nikifika. Nibaki, au nirudi."

"Usitikisike."

"Sitikisiki. Ni moyo."

"Huo sina kipimo chake," alisema fundi, na akaandika namba isiyo sahihi. Ikabidi ampime upya, na wote wawili hawakulalamika.

Kazi ya wiki moja ilichukua wiki nne. Kila alasiri Bwana Gramu alikuja na hoja mpya: zipu iwe fupi, vigingi viwe sita badala ya nane, fito ziwe nyembamba. Alikuja na shati la drafti lililopigwa pasi vizuri, na kila nguo aliyovaa haikuwa na lebo, kwa maana alizikata zote, hata za soksi. Hata mswaki wake aliukata mpini.

"Na ukioa, mke naye utampunguza wapi?" shangazi alimuuliza.

"Huyo nitambeba vile vile alivyo, shangazi."

Binti aliinamisha uso kwenye cherehani, akashona upande usiotakiwa kushonwa.

Nisikufiche kasoro yake. Binti huyu alikuwa hodari wa kutania, lakini jambo la moyoni lilikuwa halimtoki. Alipofariki mama yake alishona shuka nzima ya maua bila kusema neno. Shangazi akifanya siku ya kuzaliwa, hapati salamu. Anapata mto mpya. Mikono yake ilisema kila kitu, mdomo ukabaki wa mzaha.

Siku ya majaribio walilipandisha hema juu ya paa la jengo, wakalisimamisha katikati ya matangi ya maji na kamba za nguo. Lilikuwa la kijani kibichi. Wakaingia kukagua mishono, wakakaa, na jua la saa sita mchana likapita kwenye kitambaa kile likawamwagia mwanga wa kijani, laini, hadi mikono yao ikaonekana kama iko chini ya maji. Upepo ulivuta ukuta ndani na kuuachia, ndani na kuuachia. Kelele za mtaa zilisikika mbali sana. Hakuna aliyetaka kutoka, na mishono ilikuwa imeshakaguliwa zamani.

"Ningekaa humu mwaka," kijana alisema.

"Ungekufa njaa."

"Nisikilize, usinitanie hata kidogo. Jumamosi naondoka. Nimekupenda, fundi. Sijui nilianza lini, labda pale kwenye foleni. Wale watu wa lifti wanangoja jibu langu, na mimi nangoja lako. Ni neno moja tu nakuuliza." Alimtazama. "Nirudi?"

Binti alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, tena lote, lakini halikupanda.

"Nitakujibu siku ya kuchukua hema," akasema kwa sauti ndogo.

Na alijibu. Alijibu kama alivyozoea. Ijumaa alitoa kipande cha hariri nyeupe, akakitarizi kwa uzi mwekundu neno moja, *Rudi*, akakikunja neno likiwa ndani, akakibana kwenye mshono wa juu ya mlango, mahali ambapo mtu akilala chali atakiona na kukikunjua. Kwa nje ilionekana lebo tu.

Jumamosi asubuhi shangazi alikuwa amekwenda kupima lori la mteja. Bwana Gramu alifika na baiskeli yake begani, kofia ngumu kichwani, uso umejaa matumaini.

"Kila kitu kimo ndani," binti alimwambia, akimkabidhi hema, mashavu yakimwaka. "Angalia vizuri. Mimi naleta vigingi." Akakimbilia stoo, maana kusimama pale asingeweza.

Kijana alisikia alivyosikia: hema limekamilika, kila kitu kimo. Alingoja neno lake, akaona amenyimwa. Kwa unyonge akalifungua hema, akalipekua, akaliweka kwenye mizani ili afanye tu kitu na mikono yake. Kilo moja na gramu mbili. Mkono uliozoea ulikamata mkasi wenyewe. Akaona lebo, akaikata, akaitupa kwenye kapu la vipande. Kilo moja kamili.

Binti akarudi, pumzi juu juu. "Umeona?"

"Nimeona. Kazi nzuri sana."

"Hiyo tu?"

"Niseme nini zaidi, fundi? Asante kwa yote." Alipokea vigingi, akalifunga hema, akabeba baiskeli akashuka ngazi, na binti akasikia magurudumu yakigonga kila ghorofa. Alipoinama kuokota mkasi, aliiona hariri yake ndani ya kapu, imekatwa safi kabisa.

Alilia hadi shangazi akarudi, na hakutaka kusema analia nini.

Siku ya tatu simu iliita.

"Fundi! Nipo kilomita mia moja na ishirini. Ungeona mbingu ya huku..."

"Hema linavuja?"

"Hapana. Ni zuri ajabu."

"Basi kama halivuji, mimi na wewe hatuna la kuzungumza. Safari njema." Akakata, akaendelea kushona kwa kasi ya kuvunja sindano. Kijana alibaki kando ya barabara ameshika simu. Jioni hiyo hiyo aliwapigia watu wa lifti, akawaambia atabaki kwao.

Siku ya tisa, mchana, simu ikaita tena.

"Samahani kukusumbua," alisema kwa unyenyekevu wa mteja. "Hema linavuja."

Hapo fundi alisahau kwamba amekasirika. "Hema langu? Halivuji! Wapi?"

"Juu ya mlango. Mvua imeanza asubuhi, tone linanigonga hapa kwenye paji la uso. Mshono umefumuka kiasi cha kidole."

"Mshono ule nimeushona mara mbili. Haufumuki mpaka mtu auguse." Akauma midomo. "Pale palikuwa na lebo."

"Ee, niliikata. Labda nilikata na uzi. Uzito ulizidi gramu mbili, na wewe unajua nilivyo, lebo zote nakata."

"Uliisoma ukaikata."

"Nisome lebo? Nani anasoma lebo? Kwani iliandikwa nini, usifue kwa maji ya moto?"

Cherehani ilisimama. Shangazi aliinua kichwa, akamwona mpwa wake anacheka huku machozi yanamshuka, na kwa umri wake akajua ya kuacha yapite bila kuuliza.

"Hukuisoma," binti akarudia.

"Wewe unalia au unacheka?"

"Usiende popote. Nakuja na sindano."

Kesho yake basi la alfajiri lilimfikisha saa sita mchana. Ulikuwa mji mdogo: kituo cha mafuta, maduka saba, uwanja wa mpira uliolowa. Alimkuta kituoni amesimama tangu saa tatu, ndevu zimemwota, shati limepauka kwa jua. Hawakukumbatiana. Binti alifungua kipochi, akampa kile kipande cha hariri, akageuka pembeni kuangalia maduka.

Kijana alikikunjua. Alikisoma mara ya kwanza akiwa amesimama, mara ya pili akiwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, kofia mkononi.

"Siku ile," akasema. "Ilikuwa ndani siku ile."

"Nilikuambia kila kitu kimo ndani."

"Mama yangu! Nilidhani unasema vigingi." Akajipiga paji la uso. "Na mimi nimeshawaambia wale watu nabaki kwao. Nilikata tamaa."

Waliketi uwanjani, kijana ndani ya hema amenyoosha kitambaa, binti nje na sindano. Uzi ukaingia, vidole vya kijana vikaupokea na kuurudisha. Jua lilitoka, ule mwanga wa kijani ukarudi, wakafanya kazi kila mmoja akimwona mwenzake kivuli tu kwenye nailoni.

"Narudi na wewe leo," kijana akasema kutoka ndani. "Baiskeli naitupia juu ya basi."

"Thubutu! Nilikushonea hema la safari, si la kugeuzia njiani. Nenda ukaione hiyo nchi yako mpaka mwisho. Na wale watu kawaambie uso kwa uso kwamba umebadili nia, ndio uungwana. Kisha ndipo ugeuze."

"Itakuwa miezi miwili, mpenzi."

"Najua kuhesabu."

"Nitakwenda. Ila nina njaa moja. Nimeisoma, nashukuru, lakini sijaisikia. Hata siku moja hujaniambia kwa mdomo wako."

"Usinichokoze. Nashona," alisema, na kichwa kikazidi kuinama.

Saa nane basi la kurudi lilikuwa tayari, injini inanguruma. Binti alipanda, akapata kiti cha dirishani. Bwana Gramu alisimama chini na baiskeli yake, hema limefungwa chini ya usukani, akapunga mkono akijilazimisha kutabasamu. Basi likaanza kusogea. Binti alimwona anaanza kuwa mdogo, na kile kilichokuwa kimemkaa kooni miaka yote kikapanda chenyewe, bila ruhusa.

Alifungua dirisha, akatoa kichwa na mabega.

"Nakupenda!" akapiga kelele. "Unasikia? Nakupenda, njoo unioe!"

Basi zima liligeuka. Dereva akapunguza mwendo. Chini, kijana alitupa baiskeli, akaanza kukimbia kando ya dirisha, mkono sikioni.

"Umesemaje? Injini hiyo, sijasikia!"

"Nimesema nakupenda! Njoo unioe!"

"Mara moja tena!"

"Nakupenda, wewe kiziwi!" akalia, na bibi mmoja wa kiti cha nyuma akaanza kupiga makofi.

Kijana alisimama katikati ya barabara akihema, mikono kiunoni, anacheka peke yake. Alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza.