Nani Atamsainia Saquina?

Alasiri hiyo uani kwa Saquina, mjini Palma, palikuwa na kelele utadhani harusi. Wanawake wa upatu walikuwa wakifanya mazoezi ya wimbo. Kesho yake wageni wa serikali wangekuja kusikia maoni ya watu kuhusu sheria mpya ya fedha za vikundi. Na wageni wakubwa hupokewa kwa ngoma.

Saquina ndiye aliyeongoza waimbaji, na furaha yake ilizidi ya wote. Zamu yake ya kupokea upatu ilikuwa imekaribia. Angenunua geleira, yaani jokofu, agandishe barafu, awauzie wachuuzi wa samaki.

Jirani yake Lígia, mwanasheria aliyehamishiwa Palma kutoka Beira, ambaye kwa usomi wake wote walimwita dotora, alichungulia juu ya ua, mwiko mkononi.

"Mnashangilia nini, jirani?"

"Sheria ya kulinda pesa zetu, dotora! Njoo upige makofi, acha kuunguza wali."

"Mmeisoma?"

"Wimbo una mistari minne. Sheria ina kurasa tele. Sisi tumechagua wimbo!"

Wakacheka. Lígia naye alicheka, lakini alikwenda kuleta nakala. Ilikuwa ya Kireno, akawasomea kwa Kiswahili.

"Pesa za vikundi zitawekwa benki. Haya. Mwanamke atatoa fungu lake kwa sahihi ya mumewe."

Saquina akaacha kupiga makofi.

Mume wa Saquina alipotea wakati wa vita. Hakuna ajuaye kama yu hai au amekufa.

"Sasa mimi atanisainia nani?" Saquina aliuliza. "Basi, geleira yangu imezama."

"Haijazama. Hili ni pendekezo tu, halijawa sheria. Samaki mnamfunua mashavu kabla ya kumnunua, sivyo? Na pendekezo hupimwa. Je, linataka nini?"

"Pesa zisiibwe."

"Jambo jema. Sahihi ya mume itazuia wizi?"

"Wangu ndiye angeziiba!" Hafsa, mmoja wa waimbaji, alidakia. Wenzake wakaangua kicheko.

"Kuna njia nyingine, isiyomnyima mtu haki yake?"

Saquina alifikiri. "Wanachama watatu wasaini pamoja."

"Vizuri! Na je, watu wote wanatendewa sawa?"

"Sawa wapi? Mbona wanaume hawaombwi sahihi za wake zao?"

"Umeona? Katiba inasema mwanamume na mwanamke ni sawa mbele ya sheria. Hata sheria ya fedha iko chini ya Katiba. Kesho semeni hayo."

Kesho yake waliimba mpaka vumbi likatimka. Kisha, ndani ya ukumbi, Saquina akanyoosha mkono. Bwana Nuno, kiongozi wa wageni, aliitazama ratiba yake.

"Mama, wewe uko kwenye ngoma."

"Ngoma imekwisha, baba. Sasa ni zamu ya maswali."

Ukumbi mzima ulicheka. Saquina akasimama, akauliza. Kwa nini sahihi ya mume?

"Ni kwa ajili ya kuwalinda ninyi," Nuno alijibu.

"Ahsante. Lakini mtunza fedha aliyetoroka na pesa zetu mwaka juzi alikuwa mwanamume, na hakuna aliyemwomba mkewe sahihi. Mume wangu vita vilimchukua, sijui alipo. Mlinzi wangu mmemweka mahali nisipoweza kufika."

Nuno akashika kalamu.

"Ungependa iandikweje, mama?"

"Wanachama watatu wa kikundi wasaini. Wake kwa waume, sawasawa."

"Sawasawa!" ukumbi uliitikia. Nuno aliandika, halafu akawasomea alichoandika ili wahakikishe.

Miezi ikapita. Sheria ilipotoka, sahihi ya mume haikuwemo. Kikundi kilifungua akaunti, na Saquina akachaguliwa kuwa mmoja wa watia sahihi watatu. Huko benki aliandika jina lake herufi moja moja, ulimi nje.

"Mama, kidole gumba kinatosha," karani alimwambia.

"Kidole nacho kipumzike leo, mwanangu."

Zamu yake ilikuwa imefika, akatoa fungu lake siku hiyohiyo. Geleira ililetwa nyumbani kwa gari, imefungwa kamba nyuma. Saquina alikaa mbele, akimfokea dereva kwenye kila shimo:

"Taratibu, baba! Hiyo nimeisainia mwenyewe!"