Jina la Bibi Ndani ya Kompyuta

Kila Ijumaa masomo yakiisha, Imelda alifagia sehemu yake ya darasa mbiombio, kisha akakimbilia chumba cha kompyuta. Kompyuta zenyewe zilikuwa nne tu, kuukuu, na Mwalimu Paskali alizitunza kama mboni ya jicho lake. Siku hizo wafanyabiashara wa matunda walikuwa wakipanda milimani hadi Gare kutoka Tanga na Dar es Salaam, kila mmoja na bei yake mfukoni. Mwalimu alitaka wanafunzi wa klabu watengeneze tovuti ya kuonyesha nani ana plamu, nani ana mapeasi, na yako kijiji gani.

"Kila kitu kina modeli yake," alikuwa akiwaambia. "Modeli ni faili linaloieleza kompyuta kitu hicho ni nini. Na mfumo tunaoutumia una desturi yake: modeli huitwa kwa jina la kitu chenyewe. Ya mkulima ni Mkulima, ya tunda ni Tunda. Ukiifuata, mfumo unaitafuta modeli wenyewe na kuipata. Usipoifuata, usije ukaulaumu."

Imelda alipewa Tunda. Aliihangaikia wiki tatu, na Ijumaa ya mwisho ikakamilika. Alipoitazama, moyo ulimjaa fahari. Kwao, mtoto wa kwanza wa kike hubeba jina la bibi. Hii nayo ilikuwa kazi ya kwanza ya mikono yake. Kwa nini isibebe jina la bibi aliyemlea? Akafuta Tunda, akaandika Secilia, akahifadhi. Kabla hajajaribu kama inafanya kazi, umeme ukakatika, naye akaenda zake nyumbani huku akitabasamu.

Kesho yake asubuhi wakulima walijaa chumbani kuiona tovuti, Bibi Secilia akiwa mstari wa mbele na kitenge chake cha kanisani. Mfanyabiashara mmoja alisimama mlangoni. Mwalimu Paskali akabonyeza neno "Matunda". Kioo kikaandika maneno mekundu ya makosa. Akabonyeza tena, yakaja yaleyale.

"Mwalimu, gari linanisubiri," mfanyabiashara alisema, akaondoka.

Mwalimu aligeuka. "Nani aligusa kompyuta hii mara ya mwisho?"

"Mimi, mwalimu," alijibu Yassin, mtunza ufunguo wa chumba. "Niliiwasha asubuhi. Lakini sikubadilisha kitu."

"Niletee ufunguo. Jumatatu tutaongea kama unabaki kwenye klabu au la."

Yassin aliuvua ufunguo shingoni, akamkabidhi mwalimu. Imelda alikuwa amesimama nyuma yake, karibu kabisa. Alijua kosa ni la nani. Macho akayapeleka sakafuni. Hakusema kitu. Njia nzima ya kurudi nyumbani alijionea aibu, na kila mara bibi alipomsemesha, aibu ilizidi.

"Hebu niletee mbegu ya maharage," bibi alimwambia walipofika.

Juu ya jiko vilining'inia vibuyu saba. Shingoni mwa kila kimoja bibi alikuwa amefunga ganda la mbegu iliyomo. Imelda alikishika chenye ganda la maharage, na hapohapo machozi yakamtoka. Akaeleza yote, kuanzia jina mpaka ufunguo wa Yassin.

Bibi alikipokea kibuyu. "Jina langu! Mjukuu wangu, ningelifunga hilo kwenye vibuyu vyote saba, leo tungepanda nini? Nashukuru kwa heshima, lakini ganda halipo kwa ajili yangu. Lipo kwa ajili ya yeyote atakayetafuta mbegu nikiwa sipo. Haya, twende kwa mwalimu. Na kwa kina Yassin tunapita."

Walifika shuleni pamoja na Yassin, wakamkuta mwalimu bado yuko mbele ya kioo. "Shikamoo, mwalimu," Imelda alisema. "Ni mimi. Nilibadilisha jina la modeli, nikaogopa kusema. Yassin hana kosa."

Mwalimu alifuta Secilia, akaandika Tunda. Haikuchukua hata dakika moja. Plamu na mapeasi ya Gare yakajitokeza kwenye kioo.

Yassin alimtazama Imelda. "Ulikuwa nyuma yangu," alisema. "Ungeninong'oneza tu."

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Hata mimi nimekuhukumu kabla sijauliza vizuri, Yassin. Nisamehe. Ufunguo wako huu hapa."

"Umeona, Imelda?" bibi alisema. "Jina ulilolikosea limefutika mara moja. Lakini kunyamaza kwako kulimvunjia mwenzako heshima mbele ya watu, na mbele ya watu ndipo utakapokwenda kuirudisha. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajalipia."

Jumamosi iliyofuata wakulima waliitwa tena, na mfanyabiashara naye akaja. Kabla kompyuta haijawashwa, Imelda alisimama mbele yao. Safari hii hakutazama sakafu.

"Kosa la wiki iliyopita halikuwa la Yassin," alisema. "Lilikuwa langu."

Kisha akasogea pembeni, Yassin akaja kuwasha kompyuta.