Nusu ya Ploti Aliyoazimwa Bonaya

Ndugu zangu wa Isiolo, sisimulii habari hizi za mwaka wa 1978 ili tumcheke jirani yangu Samatar. Wengi wetu tuna tabia yake, hata mimi.

Nyumbani kwake kulikuwa na amani. Samatar alikuwa na lori, lakini lilikaa gereji zaidi kuliko barabarani, kwa hiyo kilicholisha nyumba ni kibanda cha chai cha mkewe Faduma, upande wa kulia wa ploti yao. Shida ya Faduma ilikuwa maji tu. Aliyanunua kwa wenye punda, debe kwa debe.

Asubuhi moja akaja Kaimenyi, karani wa baraza la mji, na tepu ya kupimia.

“Bomba la maji litapita hapa,” akasema. “Kila mwenye ploti atachangia kulingana na futi zinazotazama barabara. Yako ni arobaini. Ploti isiyofika futi ishirini na tano imesamehewa. Tena kuna njia ya kulipa...”

“Nimesikia,” Samatar akamkata.

Hakusikia. Wakati wa mkoloni, wahesabu mifugo wa kodi walipokuja, baba yake alitawanya ng'ombe kwa marafiki hadi Kinna, na hesabu ilipokwisha wote wakarudishwa kwa neno la mdomo. Machoni pa Samatar, Kaimenyi alikuwa mhesabu mifugo mwingine. Akaenda kwa rafiki yake Bonaya, mchuuzi wa mbuzi.

“Hii ploti tugawe, ishirini yangu, ishirini ya kulia yako. Ni ya kuazima tu. Bomba ikishapita unanirudishia.”

“Bila karatasi?”

“Kwani ng'ombe ya baba yangu ilirudi na karatasi?”

Faduma alikataa. “Baba Raho, kibanda yangu iko kwa hiyo upande. Uliza karani kwanza.”

“Karani ndiye mwizi mwenyewe.”

Basi wale wanaume wawili wakaandikisha ofisini kwamba Bonaya amenunua upande wa kulia, wakatia kidole gumba.

Bomba likapita. Sasa Samatar akaanza kumshuku Bonaya. Siku moja akamwona amesimama na Kaimenyi karibu na kibanda, wakionyeshana mpaka. Si angewauliza, jamani? Walikuwa hatua thelathini tu. Badala yake akangoja Ijumaa, watu wakitoka msikitini, akamnyooshea Bonaya kidole.

“Huyu ni mwizi. Anauza ploti yangu.”

Bonaya akamsogelea.

“Nilileta karani anionyeshe vile nitakurudishia,” akasema polepole. “Fomu ndiyo hii.” Akaitoa mfukoni, watu wakaiona, kisha akaichana. “Umeniita mwizi mbele ya wazee. Sasa enda kortini useme hiyo ploti ni yako.”

Angeendaje? Angelazimika kumwambia hakimu kwamba alidanganya, na alama ya gumba lake iko pale pale. Wazee waliwaketisha mara tatu. Bonaya alitaka jambo moja, aombwe radhi mbele ya wale waliosikia tusi. Samatar aliinamisha kichwa mara zote tatu, asiseme kitu.

Bonaya akakivunja kibanda. Ndipo Kaimenyi akamweleza Faduma yale maneno aliyokatizwa: mchango ungelipwa kidogo kidogo kwa miaka kumi, na mauzo ya chai ya asubuhi moja kwa wiki yangetosha. Faduma aliketi chini akalia. Mimi nilikuwepo.

Bonaya alijenga duka, akalipia na kuwekewa mfereji wa maji. Faduma alipokwenda na debe na pesa mkononi, Bonaya alizikataa pesa.

“Chota tu, Mama Raho. Wewe hukuniita mwizi.”

Samatar hunywa maji hayo kila siku. Hajawahi kuuliza yanatoka wapi.

MAFUNZO

Baraza likikutoza, una haki ya kuuliza, na hata kupinga. Lakini mwache mtu amalize kusema kabla hujaamua kwamba anakuibia. Usiandikishe uongo kwa kutegemea urafiki, maana siku mkikosana utakuwa huna pa kushtaki. Na ukimvunjia mtu heshima mbele ya watu, nenda ukamwombe radhi mbele ya watu hao hao. Samatar hakushindwa na baraza wala na Bonaya. Alishindwa kusema nisamehe, na aliyepoteza kazi ni mkewe.